Nywele za Wanawake wa Katoro

Usiku ule Mwaisha hakulala. Binti yake Swaumu alikaa sebuleni, simu mapajani, akingoja barua pepe ya chuo kikuu: ama mkataba wake wa utafiti unaongezwa miaka miwili, ama ndiyo basi. Ana udaktari wa uhandisi wa mazingira, ule wa kusoma, si wa sindano, japo majirani bado humletea watoto wenye homa. Wenye udaktari huo vyuoni hupewa kwanza vibarua vya mkataba chini ya profesa, nao huishi roho mkononi.

Mwaisha, muuza dagaa aliyeishia darasa la saba, aliijua kazi ile kuliko walioiamua. Miaka miwili nyuma Swaumu alihitaji nywele za wanawake wanaokamata dhahabu kwa zebaki, ipimwe sumu iliyowaingia mwilini. Nani Katoro angetoa nywele zake hivi hivi?

"Leo unazikata, kesho ziko kwa mganga," alicheka Bhoke, aliyezeekea kwenye karai la dhahabu. "Mama Swaumu, mwanao kasoma mpaka kasahau kwao?"

Mwaisha alivua mtandio mbele ya wanawake wenzake, akamwambia binti yake akate. Siku hiyo walijitokeza arobaini na mmoja, kwa neno lake yeye.

Alfajiri ya usiku ule wa kungoja, simu ililia. Swaumu alisoma, akailaza kifudifudi.

"Wamemchukua mwingine. Donatus."

"Aliwahi kufika huku?"

"Hata siku moja."

"Kosa lako nini?"

"Niliandika kwamba sitakata nywele nyingine mpaka kina Bhoke wapewe majibu ya zile za kwanza. Profesa kasema sijui kufanya kazi na wenzangu."

Mwaisha alivuta ungo wa dagaa, akaanza kuuchambua kwa hasira. Kumbe kudai majibu ya watu ni utovu wa nidhamu! Miaka yote ile mtoto anakondea vitabu, kumbe walichotaka ni mdomo wa kufunga na mama wa kuwakusanyia watu! Na kila asubuhi Bhoke humuuliza sokoni, "Nywele zangu zimesemaje?"

Wiki tatu baadaye gari jeupe lilisimama nje. Bhoke alikuwa ndani kwa Mwaisha, akinywa chai. Kijana alishuka na mkasi na bunda la bahasha.

"Hodi! Shikamoo, mama. Mimi ni Dokta Donatus. Tumeambiwa wewe ndiye unayewakusanya wanawake."

Mwaisha alifungua mlango nusu. "Marahaba. Majibu umekuja nayo?"

"Bado yanachakatwa, mama. Tukipata kwanza nywele za awamu ya pili..."

"Hizo nazo bado zinaota."

Bhoke alipaliwa na chai kwa kicheko. Mwaisha alifunga mlango, akasukuma komeo mpaka mwisho.

Hodi ikapigwa tena, na tena. Ndani, Mwaisha alimwongezea Bhoke chai.