Nilivyoacha Sigara kwa Siri

Nakumbuka asubuhi moja nilitoka na begi dogo nyumbani kwangu Kalemie, mji wa bandari kando ya ziwa, na sikujua ninakwenda wapi. Mke wangu alikuwa ufukweni akianika dagaa, na binti yetu Mwamini, mwenye miaka mitatu, akicheza kwenye mchanga karibu naye. Nilivuta mlango polepole kama mwizi, ingawa nyumba ilikuwa yangu, nikashika barabara ya kaskazini kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yangu.

Mwanangu, wewe unayesoma haya, labda uliacha sigara mwezi huu, na sasa unajishangaa. Asubuhi unacheka peke yako, saa sita unataka kumpiga mtu, jioni machozi yanakujia na hakuna aliyekufa. Ndiyo maana nakuandikia. Mimi sikusoma sana. Niliacha shule darasa la tano kwa kutaka kujua reli inaishia wapi, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama na kuuliza maswali. Lakini jambo hili nalijua vizuri, kwa sababu lilivunja nyumba yangu.

Wakati huo nilibeba magunia bandarini. Kapita wetu, msimamizi wa wabebaji, hakutaka kuona mtu amekaa. Ukikaa, siku yako imekwisha, nenda nyumbani. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mvutaji, na wavutaji aliwahurumia. Ukiwasha sigara, uliruhusiwa kwenda kusimama kwenye ukuta wa ghala mpaka iishe. Hatukuwa na pumziko lingine. Hapo ukutani ndipo tuliposikia nani amezaa, nani amefiwa, meli gani imekwama Kigoma. Nimewaona vijana wengi wakijifunza kuvuta kwa ajili ya ukuta ule tu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwamini alizaliwa na kifua kibaya. Hewa ikibadilika kidogo, unasikia filimbi ndani yake. Siku moja tulimpeleka kwenye kituo cha afya, mama yake akatoka kutafuta maji, na muuguzi akaninusa nguo.

"Papa, huyu mutoto anavuta pamoja na wewe," akasema. "Chumba kiko kimoja, moshi uko mumoja."

Niliacha siku hiyohiyo. Sikumwambia mtu. Mara mbili huko nyuma nilikuwa nimetangaza kwamba naacha, na mara mbili nilishindwa, wakanicheka kazini wiki nzima. Mke wangu naye alicheka kidogo, bila ubaya, lakini niliumia. Basi safari hii nikajiambia nitanyamaza. Nikifikisha mwezi, nitawaambia wote, nao watashangaa.

Siku za kwanza kichwa kiliuma, hilo nililitarajia. Siku ya tano niliamka na furaha ambayo sikujua ilitoka wapi. Nikambeba Mwamini mabegani, tukazunguka soko zima, nikisalimia hata watu nisiowajua. Siku ya saba furaha ikaondoka yote, na pale ilipokuwa hapakubaki kitu. Nilimsikia mke wangu akifagia uwanja, nikauchukia ufagio. Nikaichukia hata namna yake ya kukohoa.

Kazini ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Bila sigara sikuwa na ruhusa ya kwenda ukutani. Nilibeba tangu asubuhi mpaka saa sita, gunia juu ya gunia, na wenzangu nikiwaona pale wakicheka. Musafiri, aliyekuwa rafiki yangu, hakuniacha.

"Pasta, kuja utuombee," akaniita.

"Mwache," akasema mwingine. "Bibi yake amemukataza."

"Bibi gani?" Musafiri akasema. "Huyu amepata mwingine kule mujini. Njo maana anatunza meno."

Wakacheka wote. Nililitupa gunia karibu na mguu wa Musafiri, likapasuka, na kapita akatutenganisha. Utani ule haukuishia bandarini. Jioni ileile ulikuwa umefika kwa wanawake wa dagaa, na huko haukuwa utani tena.

Sasa fikiri, mwanangu, mke wangu aliona nini. Aliona mume asiyelala, asiyekula vizuri, anayefoka kwa sababu ya ufagio. Akasikia kwamba kuna mwanamke mwingine. Mimi nilijiona nimebeba mzigo mzito kwa ajili ya mtoto wetu, yeye akaona mtu aliyechoka naye.

Siku ya kumi na moja, jioni, aliniwekea ugali na samaki wa mchuzi. Kando ya sahani aliweka kisahani, na juu yake sigara tatu na kiberiti. Alikuwa amezinunua mojamoja pale kwenye kibanda, kutoka katika pato lake la dagaa.

"Papa Mwamini," akasema, "naona siku hizi hauna sigara. Vuta hizi, roho ipoe. Tuzungumuze kama zamani."

Ningeweza kusema maneno matano tu: niliacha kwa ajili ya mtoto. Lakini harufu ya tumbaku ilikuwa imenifikia, na mwili wote uliitaka, nikamchukia kwa kuniwekea kitu ninachokitaka. Nikaona ananidhihaki. Nilikipiga kisahani teke. Sahani ya samaki ikapinduka nayo, mchuzi wa moto ukamwagika hatua moja tu kutoka kwa Mwamini. Hakuungua, lakini aliogopa. Alilia, kilio kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa ile filimbi. Mama yake alimwinua, akamketisha wima, akamsugua mgongo mpaka pumzi ikarudi. Ilichukua muda mrefu. Mimi nilisimama pale na mikono yangu miwili, na sikuitumia kwa lolote.

Kisha akaniambia taratibu, bila kunitazama, "Sijui tena unataka nini kwetu. Kama iko mwingine, sema."

Nikaenda kulala. Asubuhi akaenda ufukweni, nami nikatoka.

Lile lilikuwa kosa langu kubwa, na lilikuwa kosa la mtu wa kuhamahama. Tangu ujana nilizoea kwamba uzito ukiniingia, nabadilisha mahali. Nilitoka Manono hivyo, nikatoka na kwingine hivyo. Basi nilidhani huzuni hii nayo iko ndani ya nyumba ile, nikiiacha nyumba, nimeiacha.

Nje ya mji lori moja, kamyo kama tunavyoliita sisi, lilinichukua. Lilikuwa linakwenda Kabimba, kwenye kiwanda cha saruji. Nilikaa mbele na dereva, nikamuuliza jiwe linachomwaje mpaka liwe unga, moto unawaka siku ngapi, nani anajua kwamba limeiva. Alinijibu yote. Kwa muda wa safari ile nilijiona nimepona, hata nikaimba. Tulipofika, nikashuka, nikaona vumbi jeupe juu ya majani na juu ya mabati, lori likaondoka, na uzito wote ukanishukia tena, palepale barabarani. Ulikuwa umesafiri na mimi.

Niliuliza chumba, wakanionyesha kwa Mama Zubeda, mjane aliyekuwa akipangisha chumba kimoja cha uani. Nilimkuta mlangoni akichambua maharage.

"Unavutaka sigara?" akauliza kabla ya jina langu.

"Hapana, Mama."

"Vidole vyako viko na rangi ya sigara."

"Niliacha. Leo njo siku ya kumi na mbili."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti mbele ya binadamu. Nikakaa kwenye kizingiti chake, nikalia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Hakunibembeleza. Aliendelea na maharage yake.

"Muzee wangu alivuta," akasema baadaye, "na vumbi ya chokaa ikaongezea. Alikufa anatafuta pumzi mwezi muzima. Kwa hiyo umefanya vizuri. Bibi yako amefurahi?"

"Hajui."

Mikono yake ikasimama. "Hajui nini?"

"Kama niliacha."

"Na kama uko hapa?"

"Hilo pia hajui."

Akauweka chini ungo wa maharage. "Basi hasira ulimupatia yeye, na habari nzuri umeniletea mimi, muntu ambaye ulikuwa haujui hata jina yangu. Mama wa mutoto wako amekukosea nini?"

Niliinuka kutoka kizingitini. Akanipa ufunguo.

"Lala. Kesho panda kamyo ya kwanza, urudi. Usitafute zawadi. Rudi na hiyo neno tu."

Mwanangu, natamani ningekuambia kwamba nilirudi. Sikurudi. Kesho yake niliona aibu. Nikasema nitimize kwanza mwezi, nirudi mshindi. Mwezi ukatimia, nikaona aibu ya kuchelewa, nikaongeza wiki nyingine. Nilipofika Kalemie, kwenye mlango wangu palikuwa na kufuli la mtu mwingine. Kaka zake walikuwa wamekuja kumchukua, wakampeleka kwao Pepa, juu milimani, pamoja na mtoto. Nikawafuata mpaka huko. Alitoka nje, akanisikiliza nikiwa nimesimama, nikamweleza yote tangu siku ya muuguzi.

"Ungeniambia siku ile," akasema. "Ningezitupa hizo sigara mimi mwenyewe."

Akaingia ndani. Hakurudi kwangu tena. Mwamini sasa ni mwanamke mzima, kifua chake kimepona kwa hewa ya milimani. Tukionana huniita Papa, kwa sauti ileile anayomwitia mzee yeyote anayepita njiani.

Sijavuta tena tangu siku ile ya kituo cha afya. Watu hunipongeza, nami hunyamaza.

Basi nisikilize. Siku unapoacha, mwambie mtu wa nyumbani kwako, hata kama ulishashindwa mara kumi, hata kama atacheka. Mwambie hivi: siku hizi nitakuwa mbaya, si kwa sababu yako. Hasira ikija, iamini kwamba ipo, lakini usiamini inachokuambia juu ya watu. Mimi iliniambia mke wangu ananidhihaki, kumbe alikuwa anaomba amani. Toka nje, tembea, kunywa maji, ngoja, itapungua. Kisha itarudi, na utangoja tena. Furaha ya ghafla nayo usiiamini sana, usije ukadhani umemaliza. Kazini, omba pumziko lako kwa mdomo wako, usingoje moshi ukuombee. Na katika miezi ile ya kwanza usihame, usivunje urafiki, usifunge mlango wa nyumba yako kwa nje. Ukishindwa kusema kwa sauti, andika kwenye karatasi uiweke kando ya sahani. Na ikiwa tayari umemwumiza mtu, rudi leo na aibu yako.

Mungu akuvushe salama katika siku hizi mbaya. Akupe kifua chepesi na ulimi usioogopa kusema kweli, na wale unaoacha kwa ajili yao wawe bado karibu nawe siku utakayopona.