Macho Makubwa Tuliyoyasifu

Dada yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake ni mkali kuliko mkasi wake. Mteja akiingia dukani, dada humtazama kwanza. Futi kamba huja baadaye kuthibitisha tu. Bega moja likishuka nusu kidole analiona. Mimi ninayekaa kwenye cherehani ya pili, kazi yangu vifungo na mapindo, nimeambiwa mara nyingi kwamba macho yangu ni ya mapambo.

Mwanawe wa kwanza alimpata akiwa na miaka thelathini na minane, tulipokwisha kuzoea kusema "Mungu akipenda" bila kutegemea kitu. Mtoto alizaliwa na weupe katikati ya mboni za macho yote mawili. Alipofikisha miezi miwili alipasuliwa, weupe ukatolewa. Siku alipovalishwa miwani yake, minene kama kitako cha chupa, alimkazia mama yake macho, akatabasamu. Dada, ambaye sijawahi kumwona akilia hata msibani, alilia mpaka shemeji akaona haya mbele ya wauguzi.

Daktari alituonya. Alisema watoto wanaopasuliwa wakiwa wachanga hivi, wengine presha ya jicho huwapanda baadaye, kimyakimya, ikaua mshipa wa kuonea. Kwa hiyo aletwe kila baada ya miezi mitatu apimwe, hata akionekana mzima. Mara ya kwanza dada alimpeleka, presha ikawa sawa. Mara ya pili iliangukia kwenye msimu wa sare za shule, duka limejaa wazazi wanaogombea zamu. Dada akasema atampeleka kazi ikipungua. Hospitali ni ya wagonjwa, alisema, na huyu anacheza. Nilimuunga mkono, tena kwa sauti.

Kazi ilipungua, ikaongezeka tena, na katikati ya hayo macho yakaanza kukua. Tuliyaona yakikua, hasa la kushoto: meusi, mapana, ya kung'aa. Wateja waliyasifu. Mama mkwe wa dada alisema ni ya ukoo wao. Mimi nikampa mtoto jina la Bi Macho, likamganda. Dada alifurahi kuliko sote. Kwake upasuaji ulikuwa umelifungua jicho, kama nguo iliyobana inavyofumuliwa pembeni. Mtoto alipoanza kutokwa machozi na kuficha uso kila tukimtoa juani, tulisema ni meno. Kweli mganga hajigangi. Mwanamke anayeona nusu kidole begani mwa mtu baki aliona jicho moja la mwanawe limelizidi la pili, akashukuru.

Tulirudi hospitali mtoto ana mwaka na mwezi mmoja, jicho la kushoto limeshaingia ukungu. Walimlaza kwa dawa ya usingizi wakampima. Sisi tulikaa kwenye benchi la korido, shemeji akisoma na kurudia bango la kunawa mikono, dada akiifuta na kuifuta tena miwani ya mtoto kwa ncha ya kanga.

Daktari alitoka, akaketi nasi. Alisema presha ndiyo iliyoyakuza macho yale, na imekwisha kuua mshipa wa jicho la kushoto, na mshipa huo haurudi. La kulia bado linaona. Litatiwa dawa ya matone asubuhi na jioni, huenda na upasuaji, na litachungwa maisha yake yote. Huenda likasalimika.

"Ningemleta siku ile uliyoniambia, ingekuwaje?" dada aliuliza.

Daktari alikunja karatasi aliyoishika. "Wapo wanaoletwa kila tarehe, mama, na bado inawapata."

"Sikuulizi hao."

"Tungeiona mapema," alisema.

Shemeji alimshika dada bega, dada akauondoa mkono ule. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini ya kwetu hayakungoja hata mwana akue.

Alasiri tuliruhusiwa kumwona. Alikuwa ameamka, mchangamfu. Nilijifunika uso kwa viganja, nikafunua, akacheka. Dada alizunguka upande wa kushoto wa kitanda, akanyoosha mkono, akaupitisha polepole karibu na jicho lile kubwa, vidole vikikaribia kugusa kope. Mtoto hakupepesa. Aliendelea kunichekea mimi.