Namba Tatu Niliomchagulia Mume Wangu

Mume wangu alikuwa akishindwa. Alishindwa misimu minne mfululizo, na kila Jumamosi mchana nilimsikia sebuleni akiitukana kompyuta kama mtu anayemtukana mbuzi aliyekula nguo kwenye kamba.

Mchezo wenyewe haukuwa na picha. Mwenzake wa ofisini ndiye aliyemwonyesha, nao wawili walikuwa katika ligi moja pamoja na watu wa Kinshasa, wa Lubumbashi na wa Ulaya ambao hawakuwahi kuonana kwa sura. Kila mmoja alikuwa kocha wa chuo kikuu fulani cha Marekani, timu ya basketi. Msimu ukiisha, mashine ilitoa orodha ya vijana waliomaliza sekondari: majina ya kubuni, urefu, kisha tarakimu nyingi. Unachagua wako, mashine inacheza mechi yenyewe, wewe unasoma matokeo. Basi.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa mlangoni na beseni, nikichambua pondu, majani ya muhogo. Nikamsikia akijisemea, "Bon, namba tatu, nakamata huyu murefu."

Sikuweza kunyamaza. Kabla sijaolewa nilicheza miaka sita katika timu ya wanawake ya mtaa wa Mangobo, kwenye uwanja wa saruji uliopasuka, na namba yangu ilikuwa tatu. Namba tatu, ailier, ndiye anayekaa pembeni na kufanya kazi ya kila mtu. Anatupa, anakimbia, anagombania mipira inayodunda kutoka kwenye chuma, na yule mpinzani anayeogopwa na wote, namba tatu ndiye anayeambiwa amkabe. Nilipoolewa niliendelea kucheza, na mimba yangu ya kwanza haikuwa imeonekana bado mama mkwe aliponikuta uwanjani. "Muke ya mutoto yangu hawezi kukimbia na kaputula mbele ya wanaume," alisema, tena mbele ya timu nzima. Mume wangu akaniambia nipumzike kwanza, nizae. Nikazaa. Nikazaa tena, na tena. Viatu vyangu vya kuchezea alipewa dada yake, akavimalizia shambani.

"Huyo murefu hapana," nilisema.

Akageuka. "Sababu gani? Angalia pointi zake."

Nilipangusa mikono, nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake. Nikamwonyesha kwamba yule kijana alipata pointi nyingi kwa sababu alitupa mipira mingi kuliko wenzake wote pamoja. Timu yake haikuwa na mtu mwingine. Tena alipoteza mpira ovyo. Chini kabisa ya orodha kulikuwa na mwingine, mfupi kidogo, pointi za kawaida, lakini alinyang'anya mipira mingi na yeye mwenyewe karibu hapotezi.

"Kamata huyu. Pointi, angalia mwisho. Kwanza angalia kama ananyang'anya, kisha kama anapoteza, kisha kama anachoka."

Alinitazama kama mtu anayesikia redio ikitaja jina lake. Akamchukua. Msimu ule timu yake ilimaliza ya tatu.

Tangu hapo, Jumamosi orodha ikitoka, aliita, "Mama, kuya uone!" Nami nilienda. Siwezi kudanganya, nilifurahi. Nilipika mapema, niliwaogesha watoto mapema, nikaweka kiti changu kando ya chake. Wale vijana wa tarakimu niliwapa majina yangu mwenyewe. Mmoja nilimwita Mvuvi, kwa kuwa baba yangu alitega samaki pale maporomoko ya Wagenia, na kijana yule alikuwa na mkono wa namna hiyo, mkono unaojua samaki atapita wapi. Mwingine nilimwita Bubu, maana hakuwa na sifa hata moja iliyopiga kelele, ila ukiziangalia zote pamoja hukuona shimo. Mume wangu alicheka, akasema, "Leta Bubu wetu." Alisema "wetu". Katika ndoa yetu sikuwa nimelisikia neno hilo mara nyingi, isipokuwa kwa watoto.

Ndiyo maana nilithubutu kumwomba. Wanawake niliocheza nao zamani walikuwa wameanza kukutana tena uwanjani Jumamosi asubuhi, wakinyoosha miguu na kuwafundisha wasichana wa mtaa. Nilimwambia nataka kwenda, kwa muda wa saa mbili tu.

"Watu watasema nini?" aliuliza. Macho yake hayakutoka kwenye kioo cha kompyuta. "Uko na watoto watatu, mama. Hiyo miguu ilishachoka."

Dakika hiyohiyo alikuwa akiniuliza ni kijana gani kati ya wawili ana pumzi ya kufika mwisho wa mechi.

Nilimjibu. Nilimwambia ni wa pili. Mpaka leo sijui kwa nini nilimjibu.

Msimu uliofuata akachukua ubingwa wa ligi. Akaalika marafiki wanne, pamoja na yule mwenzake wa ofisini, nami nikapika samaki wa kufungwa kwa majani na kwanga, mkate wa muhogo. Nilikuwa nikiweka sahani mezani mwenzake yule alipouliza, "Tuambie basi. Mabingwa wote wako na namba moja nzuri, ule wa kuongoza mpira. Wewe uko na namba tatu. Unawapataka wapi?"

Nilisimama na sahani mkononi. Nilifikiri ataniangalia. Hata asiseme kitu, aangalie tu upande wangu, ningetosheka.

"Ni jicho," alisema mume wangu, akigusa chini ya jicho lake kwa kidole. "Jicho, mutu anazaliwa nayo. Pointi, mimi naangalia mwisho. Kwanza kama ananyang'anya, kisha kama anapoteza, kisha kama anachoka."

Wakatikisa vichwa. Mmoja aliandika kwenye simu yake. Mume wangu akasema, "Mama, pilipili iko?"

Nikaleta pilipili.

Kesho yake, tukitoka kanisani, nilimwambia, "Yale maneno ya jana yalikuwa yangu."

"Maneno gani?"

"Ya namba tatu."

Akacheka, si kwa ubaya. "Ah, mama. Ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo tu, waambie ni mimi."

Hapo hakucheka tena. "Donc niwaambie muke yangu ndiye ananifundisha? Unataka wanicheke ofisini?" Akaongeza mwendo, akaniacha na watoto barabarani.

Orodha ya msimu mpya ilipotoka aliita kama kawaida, nami nikaenda, nikakaa kwenye kiti changu. Nilisoma kila jina. Kulikuwa na kijana mmoja mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona, bora kuliko Mvuvi, na nilimwona mapema. Nilimpita. Nikaweka kidole kwa mrefu mmoja wa pointi nyingi, mpoteza mpira, mwenye pumzi ya mzee.

"Huyu," nilisema.

"Huyu? Lakini anapoteza."

"Huyu atabadilika. Niamini."

Aliniamini. Kumbe aliniamini kabisa. Msimu mzima nilimsikiliza akisoma matokeo, kushindwa baada ya kushindwa, na sikupata ile raha niliyoitarajia. Nilikuwa nimeongopa juu ya kitu pekee nilichokijua vizuri kuliko yeye. Ilikuwa kama kumwaga chakula nilichopika mwenyewe.

Na hakushuku. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Hakusema, "Ulinidanganya," wala, "Jicho lako limeharibika." Alisema mashine imebadilishwa, wenye mchezo wanapendelea watu wa Ulaya. Miezi miwili baadaye aliacha kabisa, akaanza kwenda kwa rafiki yake kuangalia mpira wa miguu kila Jumamosi. Kiti changu kilirudi jikoni. Sikumwambia kitu, na sitamwambia.

Jumamosi moja ya mwaka huu, akiwa huko kwa rafiki yake, nilipitia uwanjani nikitoka sokoni na mfuko wa samaki. Wenzangu wa zamani hawakuwapo. Mmoja alihama, wengine waliacha. Kocha alikuwa kijana mwenye filimbi, akiwapanga wasichana. Namba tatu alimpa msichana mrefu aliyeupokea mpira kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Pembeni alikuwapo mwingine, mfupi, ambaye katika dakika chache nilizosimama pale alikuwa amenyang'anya mipira mitatu.

Nikaweka mfuko chini, nikamwita kocha. "Papa, samahani. Huyu mufupi ndiye namba tatu wako."

Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili. Hakuwa na dharau. Alikuwa na haraka tu.

"Mama, wewe uko mama ya nani hapa?"

Alifikiri nampigania binti yangu. Nilitafuta jibu, nikakuta ninalo moja tu.

"Ya hakuna mutu," nilisema. "Napita tu."

Akapuliza filimbi. Yule mfupi alibaki pembeni, mikono kiunoni. Nikauchukua mfuko wangu, kwa kuwa samaki walikuwa wameanza kulainika kwa jua.