Kulabu ya Baba na Gemu la Makasha

Mpaka leo nikishika chuma chenye kutu, kiganja kikabaki na ile harufu yake, namkumbuka baba na kulabu yake. Msifikirie ndoano ya kuvulia sato kule ziwani Lamadi. Kilikuwa chuma kinene kilichopindwa, chenye mpini wa mti uliolainishwa na jasho, na kwa hicho baba na wenzake walivuta marobota ya pamba katika ghala la ushirika pale Bariadi. Robota lilinizidi kimo. Baba alilichoma kulabu, akapinda mgongo kidogo, na lile dubwana likamfuata kama ndama.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu. Wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani zao, wakulima wakawakimbilia, na ghala la ushirika likabaki na popo. Baba alirudi nyumbani, akatundika kulabu nyuma ya mlango, akakaa. Alikaa kweli kweli. Mtu aliyezoea kuamkia mtaa mzima "Mwangaluka!" sasa aliitikia salamu kwa kukohoa. Mama alimsihi atoke walau akaone watu, mpaka akachoka. Mimi nilikuwa na hofu moja, nayo ilinifuata hata darasani: kwamba siku moja nitarudi nimkute amenyamaza moja kwa moja.

Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyotuletea gemu. Mfanyabiashara mmoja alifungua banda karibu na stendi, akaweka televisheni, mashine ya gemu, na jenereta lenye kelele kuliko mashine ya kusaga. Wenzangu walipenda ngumi na magari. Mimi nilinasa kwenye gemu moja la Kijapani: mtu mfupi, mtunza ghala, anasukuma makasha mpaka yakae kwenye alama zake. Basi. Nilipoona tu ghala, nilikimbia nyumbani nikamwambia baba kwamba kule stendi kuna mtu ana ghala limejaa makasha na kupanga hawezi.

Habari ya televisheni sikuitaja. Kwa akili yangu ya wakati ule haikuwa na uzito.

Baba alisimama. Akachukua kulabu, akaiweka begani, akanipa mkono. Tukaingia bandani hivyo, na vijana walipomwona mzee na chuma chake amekuja kazini, walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye benchi. Nilitamani ardhi inimeze. Nilijua akigeuka sasa hatatoka tena nyumbani.

Hakugeuka. Alikaa kwenye benchi, akatazama kioo muda mrefu. Yule mtu mfupi alisukuma kasha mpaka kwenye kona, likakwama, hana la kufanya.

"Kulabu yake iko wapi?" baba akauliza kwa ukali.

Akamwonyesha yule mtu mfupi kwa kidole.

"Huyu wanamwonea. Unampa mtu ghala zima asukume tu? Likigota ukutani alitoeje?"

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Mwenye banda akileta kaseti mpya kutoka Mwanza, na gemu lile lilikuwa likirudi kila mara kwa toleo jipya, mara kuta za rangi, mara muziki mwingine, mimi nilikwenda kumchukua baba. Njiani aliniuliza, "Mayu, wamempa kulabu?" Aliniita mayu, yaani mama, maana nilirithi jina la mama yake. Nami nilijibu, "Bado, baba. Labda hili jipya." Tulitembea tumeshikana mikono, akisalimia huyu na yule, kwanza kwa kukohoa, baadaye kwa sauti yake kamili. Siku moja aliwaeleza vijana namna marobota yanavyopangwa, na dereva wa lori la mnunuzi binafsi akamsikia. Msimu uliofuata baba alikuwa anapakia tena. Siku aliyoanza, mama alipika wali na kuku bila sababu aliyoitaja.

Miaka ikapita. Majuzi nilikuta gemu lile kwenye simu, nikasoma habari zake. Kumbe lilitoka Japani kabla sijajua hata kuandika jina langu, likatolewa tena na tena, kwa mashine hii na ile, na kazi ikabaki ileile, kusukuma. Nilipokwenda nyumbani likizo nilimpa baba taarifa hiyo kwa masikitiko, kama anayetoa habari ya msiba. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mayu, mbona nilijua tangu siku ya kwanza? Wakimpa kulabu, gemu limekwisha."

"Sasa kwa nini ulikuwa unauliza kila mara?"

Aliifuta miwani yake kwa ncha ya shati. "Nisingeuliza, ungekuja kunichukua?"

Kulabu ilikuwa bado nyuma ya mlango. Nilimshika baba mkono, kama zamani, nikamwambia tutoke tukanyooshe miguu mpaka stendi. Akainuka hapohapo.