Darasa Lililonipumulia

Naitwa Kabula, nesi wa watoto hapa Bariadi. Watu huliangalia kovu la shingoni kwangu wakaona haya kuuliza. Leo nasema lilikotoka, maana najua yupo anayenisikiliza huku ana mgonjwa kitandani na moyo umemwishia.

Kabla ya kuumwa nilikuwa mwepesi wa miguu na mikono. Mvua zikianza, wodi yetu ilijaa, watoto wawili kitanda kimoja, wengine midomo imepauka kwa kuishiwa damu. Nilisifiwa kwa kupata mshipa wa mtoto hata ukiwa mwembamba kama uzi. Lakini walikuwepo waliotufia mikononi, na nilihisi tungejua zaidi wangepona. Ndipo nikaomba kwenda Dar es Salaam kusoma shahada ya pili, uuguzi wa watoto mahututi.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kuingia kijijini kwetu Kasoli, kila mmoja na mizani yake. Mume wangu, Shija, alibaki na shamba na binti yetu Limi, wa miaka minne. Majirani walisema mke akisoma sana harudi. Shija akawajibu, "Atarudi. Asiporudi nitamfuata, Limi nimembeba begani."

Darasani tulikuwa sita. Niliyemzoea zaidi alikuwa Yusta, mwenyeji wa Songea, msichana mwoga wa mitihani ambaye kicheko chake kilisikika ghorofa ya pili.

Mwaka wa pili nikaharisha siku tatu. Nikapona, nikasahau. Wiki iliyofuata vidole vya miguu vikaanza kuwasha kama nimekanyaga upupu. Kesho yake ngazi zikanishinda. Siku ya tatu nikaanguka kwenye korido ya wodi, nikajikojolea, na sikuweza kuinuka. Yusta alinifunika na koti lake kabla hajamwita mtu.

Daktari akagonga magoti yangu kwa kinyundo. Hayakuruka. Akaniambia, "Kinga ya mwili wako inashambulia mishipa ya fahamu. Inaanzia miguuni, inapanda. Vuta pumzi, uhesabu bila kupumua tena." Nilifika kumi na nne. Baada ya saa mbili nilifika sita. Nilikuwa nimesoma maana yake, kwamba misuli ya kupumua inaishiwa nguvu, na hapo ndipo nilipoogopa.

Mashine za kupumulia zilikuwa mbili tu, zote zina wagonjwa. Mmoja alikuwa mtoto wa kiume niliyembadilishia shuka wiki ileile. Wakanipitishia mpira kooni, na Mwalimu Salome, aliyekuwa akitufundisha, akawaita wenzangu watano. "Mfuko wa hewa huu hapa," akasema. "Mtabonyeza kwa zamu mpaka mashine nyingine ipatikane. Anayechoka aseme kabla hajachoka." Walinipumulia kwa mikono yao tangu saa nne asubuhi hadi jua linazama, ilipoletwa mashine ya kuazima. Yusta alikuwa na malengelenge kiganjani.

Baadaye nikatobolewa koo, hapa penye kovu, mpira wa hewa upitie hapo. Sikuweza kuinua hata kope sawasawa. Nililishwa kwa mpira wa puani, nikavalishwa nepi, nikapata kidonda cha kulalia kiunoni kilichonuka hadi mimi mwenyewe nikakisikia. Lakini akili ilikuwa nzima na masikio yalikuwa mazima. Nesi mmoja alikuwa akinigeuza huku anaongea na mwenzake habari za harusi, kama vile anageuza gunia. Siku nyingine wageni wakasimama miguuni pangu wakasema, "Huyu sidhani." Nilisikia. Machozi yakaingia masikioni na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Yusta yeye aliniambia kila kitu. "Dada Kabula, nanyonya makohozi kwa mpira. Itauma, hesabu mpaka kumi, nitakuwa nimemaliza." Na kweli kwenye kumi alikuwa amemaliza. "Sasa nakugeuza kushoto, uone dirisha." Kwa ajili ya sauti ile nilisubiri zamu yake kama mtoto anavyomsubiri mama yake atoke gulioni.

Shija alibaki na Limi, mama yangu akapanda treni Malampaka, akafika Dar na kifurushi cha michembe, viazi vyetu vya kukausha. Hajui Kiswahili cha kutosha. Walipomzuia mlangoni, Mwalimu Salome akasema, "Mwacheni mama akae." Akakaa. Akanisugua miguu, akinisimulia kwa Kisukuma ng'ombe gani amezaa, nani ameoa. "Ng'wana wane," mwanangu, aliniita hivyo mara zisizohesabika.

Wiki ya sita bega la kulia likacheza. Mama ndiye aliyeliona, akapiga kigelegele humo humo kwenye chumba cha mahututi, wakamkanya huku wanacheka. Walipotoa mpira kooni na kuziba tundu, neno langu la kwanza lilikuwa kwake: "Mayu, umekula?" Akalia, akasema hajala.

Kutembea kulichukua miezi minane. Mapaja yalikuwa yamebaki mifupa. Nilirudi darasani na fimbo, nyuma ya wenzangu mwaka mzima, nikafaulu. Shija alinipokea Malampaka na Limi. Mtoto alinitazama, akajificha nyuma ya baba yake. Ilinichukua siku nne kupewa mkono wake, na hilo liliniuma kuliko kidonda.

Namshukuru Mungu, na wale watano, na mama. Wewe unayeuguza, usimzungumzie mgonjwa juu ya kichwa chake. Mtaje jina. Mwambie unachotaka kufanya kabla hujafanya, hata akiwa mtoto wa siku tatu. Na wewe unayeumwa, kama bega moja limecheza, lishangilie hilo moja.

Mwaka jana nilimpigia simu Yusta nikamwuliza swali nililolibeba muda mrefu: alijuaje kwamba nasikia?

Akajibu, "Sikujua, dada. Siku za mwanzo nilidhani husikii kabisa. Nilikuwa naogopa mno. Kukuongelesha kulinituliza mimi."

Tukacheka mpaka Shija akatoka ndani kuuliza kuna nini. Wabeja, Yusta. Asante, mdogo wangu.