Taa ya Dina na Dagaa wa Ikola

Ukimtafuta Dina Obadia pale Ikola, usiulize ofisi yake iko wapi, maana hana. Uliza tu, "Yule dada wa mnara yuko wapi?" Watu watainua kidevu kuelekea kilimani, na mara nyingi utamwona huko juu, mkanda kiunoni, ananing'inia kwenye vyuma kama mtu aliyekaa sebuleni kwake.

Kazi ya taa alizaliwa nayo. Obadia, baba yake, alikuwa fundi wa karabai. Enzi hizo wavuvi wa dagaa waliingia Ziwa Tanganyika na karabai, na karabai ikigoma majini, safari imekufa. Kwa hiyo mlangoni kwa Obadia hapakukauka watu. Dina alijua kuzibua karabai kabla hajajua kusuka nywele. Mama yake, Mariana, mwanika dagaa, alilalamika kwamba binti huyu hata ugali anaousonga unanuka mafuta ya taa. Zilipoingia taa za sola, karabai zikatupwa stoo, Obadia akahamia kwenye betri, na binti akamfuata huko huko. Kutoka kwenye betri akaenda chuo cha ufundi Mpanda, kutoka Mpanda akaenda Mbeya, na aliporudi nyumbani alirudi na cheti cha mawasiliano na buti za kupandia minara.

Kampuni ya mtandao iliyomwajiri ilikuwa na donda lisilopona. Ng'ambo ya ghuba kuna kijiji cha Lubala. Ukisimama Ikola asubuhi isiyo na ukungu unayaona mabati ya zahanati yao yakimeta. Lakini kati ya Ikola na Lubala, kwa nchi kavu, kuna kinamasi na mto unaohama njia kila masika. Kampuni ilizika mkongo wa mawasiliano, mto ukaubeba. Wakazika tena, ukaubeba tena. Ikabaki redio ya zamani ya kurushia data kule mnarani, nayo ilikuwa inasuasua. Nesi Suzana wa Lubala akituma picha ya jeraha asubuhi kwa daktari wa Mpanda, daktari anaiona baada ya chakula cha mchana.

Dina akampigia simu bosi wake, Erasmus, kule Mpanda.

"Bosi, tuachane na kuchimba. Tupitishe data juu ya maji, kwa leza."

"Leza? Mvua je? Ukungu je?"

"Ukungu ukija, data inarudi kwenye redio yenyewe, taratibu, mpaka kuche vizuri. Siku nyingine zote itaruka. Nipe vifaa, mimi nitaifunga."

Hakusema "nitajaribu." Dina hana neno hilo. Erasmus akaijua sauti hiyo, akaagiza vifaa.

Vifaa vilikuja viwili, kila kimoja kama kibuyu cha mraba chenye jicho la kioo. Kimoja Dina alikifunga kwenye nguzo fupi mbele ya mnara wa Ikola. Cha pili alikifunga mwenzake Helena, fundi aliyehamia Lubala. Kazi yenyewe ilikuwa kulenga. Mwanga wa leza hautawanyiki kama wa tochi, unakwenda mwembamba, na nguzo ikiinama unywele tu, ng'ambo unapiga miti badala ya kioo. Mafundi hao wawili walishinda na darubini na simu sikioni.

"Kushoto kidogo. Acha! Umepita," Helena anasema.

"Sijapita, jua ndilo linapasha nguzo yako. Ifunike kivuli, usubiri."

Wakasubiri. Jioni, upepo ulipotulia, namba za kwenye kompyuta zikaruka juu na zikakaa. Kesho yake Nesi Suzana aliongea na daktari wa Mpanda uso kwa uso kwenye skrini, mtoto mwenye kidonda mguuni akiwa amepakatwa mbele yao, na daktari akasema, "Mgeuze kidogo, hapo hapo," kana kwamba yuko chumba kile kile. Suzana alimpigia Dina, akacheka tu kwenye simu.

Basi furaha hiyo haikumaliza mwezi. Dagaa walikatika.

Giza la mwezi liliingia, wakati ambao wavuvi hutegemea kushusha dagaa mpaka mitumbwi ikae chini majini, lakini mitumbwi ilirudi myepesi. Vichanja vya kuanikia vikabaki na mchanga na kunguru. Mwaloni, kule mitumbwi inakofikia, mtu akianza kulalamika hakosi wa kumwitikia, na wa kwanza kuunganisha mambo alikuwa Mzee Ambrosi, mwenyekiti wa mwalo, mvuvi ambaye wenzake humfuata akitweka na humfuata akirudi.

"Nyie fikirini," alisema. "Sisi dagaa tunawaita kwa taa. Huyu binti kaweka taa kilimani, kubwa kuliko zetu zote, inapita juu ya ghuba usiku na mchana. Dagaa wataacha kufuata taa yake wafuate vijitaa vyetu?"

"Mbona hatuioni hiyo taa?" mmoja akauliza.

"Ndiyo mbaya zaidi. Wewe huioni. Unajuaje kama dagaa haoni?"

Neno hilo likakaa. Kusema kweli lilikuwa neno la mtu anayefikiri, na Dina aliposimuliwa hakulicheka. Alijua mwanga ule ni hafifu na haushuki majini. Lakini alijua pia kwamba kusema "mimi nimesoma" si jibu kwa mtu ambaye kichanja chake kitupu.

Asubuhi moja mawasiliano ya leza yalikatika ghafla, na ukungu haukuwepo. Dina akapanda kilimani. Jicho la kifaa lilikuwa limevalishwa kiroba, kimefungwa kamba ya nyavu, fundo la mvuvi. Alikifungua, akakigeuza. Pindoni kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa kijani, na mwanika dagaa anayeshona viroba vyake kwa uzi wa kijani pale Ikola ni mmoja.

Alishuka nacho hadi nyumbani. Mama yake alikuwa anachambua maharage.

"Mama, kiroba chako hiki."

Mariana aliendelea kuchambua. "Kiroba ni changu. Mkono uliofunga si wangu, na mwenye mkono simtaji."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini, mwanangu? Wenzangu wananiuliza kila siku, 'Mama Dina, mwanao anatuua kwa njaa, na wewe unanyamaza?' Mimi ninaanika nao, ninazika nao. Baba yako alitengeneza taa zikaleta dagaa. Wewe umeleta taa, dagaa wameondoka. Hata kama si kweli, inauma kusikia."

Dina alikaa chini kwenye jamvi, akavuta sehemu ya maharage, akaanza kuchambua naye. Neno la mama liliuma kweli. Walichambua mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Sawa. Tutawauliza dagaa wenyewe."

Mkutano ulifanyika mwaloni mchana. Watu walikuja na hasira zao zikiwa tayari. Dina alisimama kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa ili aonekane.

"Mnapotaka kumwita mwenzenu aliye mbali ziwani mnafanyaje?" aliuliza.

"Tunapepesa tochi," wakajibu.

"Basi kile kifaa kinapepesa hivyo hivyo, ila haraka mno, jicho la ng'ambo linasoma kinavyowaka na kuzimika, linapata picha, linapata sauti. Ndiyo kazi yake yote. Mimi ninasema dagaa hawana habari nayo. Mzee Ambrosi anasema wanayo. Kati yetu mmoja amekosea, na maneno hayatamaliza. Tupime."

"Tupime vipi?" Ambrosi akauliza.

"Giza lijalo, data zote nitazirudisha kwenye redio ya zamani. Kwa hiyo simu zenu zitakuwa nzito siku zote, hamtajua kwa simu kama leza inawaka au imezimwa. Kwa macho pia hamtajua, haionekani. Swichi iko kwenye kabati la chuma chini ya nguzo. Ufunguo," akautoa mfukoni, "nampa Mzee Ambrosi. Kila alasiri apande mwenyewe. Akitaka awashe, akitaka azime. Asimwambie mtu, hata mimi. Nyie mvue kama kawaida. Mwezi ukitoka, atatuambia ni siku zipi aliwasha, nasi tutakumbuka ni siku zipi tulipata."

Watu wakatazamana. Ambrosi aliupokea ufunguo, akaupima mkononi kama jiwe la nyavu.

"Binti, na nikidanganya?"

"Hutadanganya, baba. Mtumbwi wako nao unataka dagaa."

Watu wakacheka. Hicho kilikuwa kicheko cha kwanza mwaloni tangu dagaa wakatike.

Erasmus hakucheka. Habari zilipomfikia alipiga simu, sauti juu. "Dina! Umempa mvuvi ufunguo wa mitambo?"

"Nimempa, bosi. Kabati lina swichi ya leza tu, mengine nimeyatenga. Ukitaka niuchukue, nitauchukua, lakini mwezi ujao utaagiza kifaa kingine, maana hiki watakitupa ziwani. Niachie giza moja."

"Zahanati je?"

"Suzana nimeongea naye. Atavumilia redio, na mgonjwa mahututi boti iko tayari kumleta Ikola."

"Giza moja," Erasmus akasema, akakata.

Giza likaingia. Kila alasiri Ikola nzima ilimwona Ambrosi akipanda kilima, na kila alasiri alishuka na uso mkavu kama dagaa wa wiki mbili. Wake za wavuvi walijaribu kumpeleleza, wajukuu wake walijaribu, hakutoboa. Mwanzoni mavuno yalikuwa mabaya. Kisha upepo wa kusini ukageuka, maji yakachafuka na kutulia, na mitumbwi ikaanza kurudi mizito. Wengine wakanong'ona, "Mzee ameizima, mnaona?" Dina alisikia. Alilala vizuri, lakini alihesabu siku zilizobaki mwezi utoke.

Mwezi ulipotoka wakakutana tena pale pale. Ambrosi alivua kofia.

"Nitasema kama ilivyokuwa. Zile siku mbaya za mwanzo, mnazikumbuka? Taa ilikuwa imezimwa. Zote. Niliizima kwa makusudi, nikasubiri dagaa waje wanipe ushindi. Hawakuja. Upepo ulipogeuka nikawasha, nikasema sasa tutaona. Siku ile mtumbwi wa kwangu ulikaribia kuzama kwa dagaa. Nikazima, wakaja. Nikawasha, wakaja. Dagaa walikuwa wanafuata maji yao. Hii taa hawaijui." Akamgeukia Dina. "Niliuliza swali langu kwa haki, binti, na nimejibiwa kwa haki."

"Swali lilikuwa zuri, baba," Dina akasema, na alimaanisha.

"Bado nina neno. Watoto wanapanda kule kuchungulia kile kioo. Unasema ni hafifu, sawa, lakini mtu na darubini akikodoa?"

"Hapo uko sahihi. Mtu asikitazame kwa darubini. Panahitaji uzio."

Uzio ulijengwa na wavuvi wenyewe, nguzo za mti na nyavu kuukuu, wengine wakishika mshipi wa kunyooshea mstari, wengine wakishindilia udongo. Mariana alipeleka sufuria la wali na samaki, migebuka ya kukaanga, akapakua kwa kila mtu, akimwanzia aliyefunga kile kiroba, ingawa mpaka leo hajamtaja.

Dina aliwasha leza wakiwa bado wanakula. Namba zikapanda, zikakaa. Dakika haikupita, simu yake ikaita. Ni Suzana kutoka Lubala, ana mama mjamzito amelala kitandani na kipimo tumboni, anataka daktari wa Mpanda aangalie mapigo ya mtoto sasa hivi.

"Piga tu," Dina akamwambia. "Njia iko wazi."

Kisha akanawa mikono, akakaa kwenye jiwe kati ya mama yake na Mzee Ambrosi, akavuta sahani.