Shangazi Amekuja na Futi Kupima Madirisha Yangu

Jamani, shangazi kaja leo kupima madirisha yangu eti ya mapazia. Sijamwomba mapazia.

Ngojeni niwaeleze.

Nyumba hii ya marehemu baba huku Mgeta ni ya udongo, kuukuu kweli kweli. Kila masika ukuta mmoja unalegea. Nakandika upya, nabadilisha nguzo zilizoliwa na mchwa. Leo ndiyo tunaezeka bati jipya.

Shangazi katokea kwenye ukungu na mwanawe Thadei. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akapapasa ukuta kama anampima mgonjwa homa.

"Umeitunza vizuri, mwanangu."

Kumbe Thadei yuko ndani na futi. Chumbani kwangu!

Nikajichekesha. "Shangazi, kuna harusi?"

"Enzi za vijiji vya ujamaa mgambo walikuja kutuhamisha na kuibomoa nyumba hii," akasema. "Baba yako alikimbilia msituni. Mimi nilikaa hapa kizingitini na uchungu wa kujifungua, wakashindwa kunivuka. Thadei alizaliwa hapo hapo uliposimama."

Nikasogeza miguu.

Sisi Waluguru mnatujua, ardhi hufuata ukoo wa mama. Baba na shangazi ni ukoo mmoja, na Thadei yumo. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu, hapa sina changu.

Anaondoka ndipo akaitikia:

"Marahaba. Maliza bati kwanza. Hatuna haraka."

Sasa fundi yuko juu ya paa, kasikia yote, misumari mdomoni, anauliza aendelee kupigilia au ashuke.

Nimjibuje?